Nani Mwenye Neno la Mwisho kati ya Jira na Trello?

Kikao cha Jumatatu asubuhi katika kampuni ya kutengeneza programu, iwe Nairobi au Dar es Salaam, mara nyingi hufunguliwa kwa ubishi uleule. Watengenezaji wamefungua Jira, na tiketi ya kurekebisha ukurasa wa malipo inasomeka "Imekamilika". Mteja yuko kwenye simu amefungua Trello, na kadi ya kazi hiyohiyo imeganda kwenye safu ya "Inaendelea". Meneja wa mradi ana jedwali la Excel lililotolewa Ijumaa, nalo lina jibu la tatu. Hakuna anayedanganya, kila mmoja anasoma kilicho mbele ya macho yake. Kiunganishi kilicholipiwa ili mifumo hiyo ipashane habari kinaonyesha alama ya kijani, yaani kwa maoni yake mambo ni shwari.

Mshukiwa wa kwanza huwa mtandao, na wa pili ni kiunganishi chenyewe. Mtandao husingiziwa mno. Hitilafu nyingi za usawazishaji zina mzizi katika jambo ambalo ofisi haikuliamua siku kiunganishi kilipowashwa: taarifa za pande mbili zikigongana, upande upi una neno la mwisho? Ofisi isipoamua, mashine huamua, tena kwa kanuni ambayo hakuna aliyeisoma. Na fundi anayetafuta chanzo cha hitilafu bila kuwa na jibu la swali hilo atabonyeza "Sawazisha upya" mpaka jioni.

Ushauri unaotolewa haraka ni kwamba wote wahamie mfumo mmoja. Hutolewa na watu ambao hawajawahi kumhamisha mhasibu kutoka kwenye Excel. Mifumo hii ilizaliwa kwa mahitaji tofauti, na kila mmoja una imani yake kuhusu kazi ni kitu gani. Microsoft Project, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1984 kwa kompyuta za DOS, ni ya mpanga ratiba: kazi ina muda, ina kazi inayoitangulia, ina kalenda. Jira, iliyoanzia Sydney mwaka 2002, ilibuniwa kufuatilia kasoro za programu, hivyo tiketi yake ina njia maalumu ya kupita kutoka hatua hadi hatua. Kwa Trello ya mwaka 2011, kazi ni kadi, na hali ya kazi ni safu ambamo kadi imewekwa, basi. Asana, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Dustin Moskovitz na Justin Rosenstein, inaiona kazi kama jambo la kutiwa tiki. Atlassian, wenye Jira, waliinunua Trello mwaka 2017, na hata baada ya kuwa chini ya paa moja bidhaa hizo mbili hazikubaliani kazi ni nini. Kiunganishi kinachokaa katikati kinatakiwa kuzipatanisha kila dakika, mchana na usiku.

Taarifa husafiri kati ya mifumo kwa njia mbili. Njia ya kwanza, kiunganishi huuliza kila baada ya muda fulani kama kuna jipya. Zapier, kwenye mpango wake wa bure, huuliza kila baada ya dakika 15. Malalamiko mengi ya kwamba "haisinki" huishia hapo: inasinki, ila zamu yake haijafika. Njia ya pili ni webhuku, jina lililotolewa na Jeff Lindsay mwaka 2007: mfumo wenyewe hutuma ujumbe pale jambo linapotokea, kwenda kwenye anwani iliyosajiliwa. Webhuku ni ya haraka na haiichoshi seva kwa maswali yasiyo na majibu. Tabu yake ni kwamba ujumbe ukipotea njiani, mpokeaji hana namna ya kujua kwamba ulikuwapo.

Hapo ndipo tofauti ndogo za kampuni kwa kampuni zinapoumiza. GitHub haitumi tena yenyewe ujumbe ulioshindwa kufika. Ukiukosa umeukosa, mpaka uombe utumwe upya. Asana hujaribu tena na tena kwa vipindi vinavyorefuka, lakini ujumbe ukishindikana kwa saa 24 huizima webhuku yenyewe. Jira ya wingu ina kanuni nyingine: webhuku zinazosajiliwa na programu za nje kupitia OAuth, utaratibu wa kuipa programu ruhusa, huisha muda baada ya siku 30 zisipohuishwa. Kwa hiyo kiunganishi kilichoandikwa na kijana wa ofisi hufanya kazi vizuri mwezi mzima, kila mtu anakisifu, kisha siku ya 31 kinanyamaza. Hakuna kosa lililoandikwa popote, kwa sababu kwa upande wa kiunganishi hakuna kilichoharibika. Kinasubiri ujumbe ambao hakuna tena anayeutuma.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Chukua ofisi mbili za Dar es Salaam siku hiyo. Ya kwanza inaunganisha Asana na Jira kwa huduma ya wingu: Asana iko kwenye seva za ng'ambo, Jira vilevile, na kiunganishi nacho kiko hukohuko. Wafanyakazi hawawezi kufungua kurasa, lakini usawazishaji unaendelea kana kwamba hakuna lililotokea, maana taarifa hazipiti kabisa kwenye waya uliokatika. Kinachoweza kuleta vurugu hapo ni simu za wafanyakazi, zilizotunza mabadiliko yaliyofanywa bila mtandao ili ziyatume baadaye. Ofisi ya pili imeweka kiunganishi chake kwenye seva iliyo chumba cha nyuma. Hiyo imekatika kweli, na kama hali imeendelea kwa zaidi ya saa 24, webhuku za Asana zitakuwa zimezimwa. Mtandao ukirudi kila kitu kitaonekana kizuri, na hakuna kitakachosawazishwa. Kabla ya kulaumu mtandao, basi, ni vyema kuchora kwenye karatasi taarifa inatoka wapi, inapitia seva ipi na inaishia wapi. Ofisi nyingi zikiichora hugundua kwamba waya wao haumo kwenye mchoro.

Hitilafu zenye kelele ni rahisi zaidi, kwani mfumo unaokataa ombi hutoa namba. Namba 401 maana yake mfumo haukutambui: tokeni, yaani ufunguo wa kidijitali wa kuingilia, imeisha muda au imefutwa. Namba 429 maana yake umeomba mara nyingi mno. Trello huruhusu maombi 100 kwa kila sekunde 10 kwa tokeni moja, na Asana huruhusu 150 kwa dakika kwa wasiolipa na 1,500 kwa wanaolipa. Mtu akihamisha kadi mia tano kwa mkupuo Ijumaa jioni, kiunganishi kisichojua kusubiri kitafikisha baadhi na kuziangusha nyingine, na Jumatatu watu watashangaa kwa nini nusu ya kazi zimehama na nusu zimebaki. Namba 403 ni kunyimwa ruhusa. Ya kuangaliwa kwa makini ni 404. Kwa kawaida maana yake ni kwamba kitu hakipo, lakini Jira na GitHub huitoa pia pale kitu kipo ila wewe huruhusiwi kukiona, kwa kuwa kukuambia "huna ruhusa" tayari ni kukuthibitishia kuwa kipo. Kiunganishi kisicho na busara kikipata 404 huamini kwamba tiketi imefutwa, nacho huenda kuifuta kadi ya upande wa pili. Msimamizi amebadilisha tu ruhusa za mradi mmoja, na bodi ya mteja inaanza kupukutika.

Kuhusu tokeni kuna jambo ambalo halihusiani na ufundi. Kiunganishi huwashwa na mtu, kwa akaunti yake, na hubeba ruhusa zake. Mtu huyo akiacha kazi, idara ya rasilimali watu inafunga akaunti, na usawazishaji unakufa siku hiyohiyo au tokeni inapoisha muda. Barua pepe za onyo zinatumwa kwake, kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Ukiitwa kutazama kiunganishi kilichokufa ghafla bila mtu yeyote kukigusa, uliza kwanza ni nani ameondoka kazini hivi karibuni. Swali hilo huokoa muda kuliko kusoma kurasa za kumbukumbu za mfumo.

Hitilafu zisizo na kelele ndizo zinazohitaji utaratibu, na utaratibu unaofaa ni kufuata rekodi moja mwanzo hadi mwisho. Chagua tiketi moja, badilisha kitu kimoja kidogo kinachotambulika, kwa mfano ongeza alama kwenye kichwa chake, na uandike saa. Halafu angalia sehemu nne kwa mfuatano: historia ya tiketi kwenye mfumo wa kwanza, orodha ya ujumbe uliotumwa na mfumo huo, foleni ya kiunganishi, na historia ya kadi upande wa pili. Alama inapopotea ndipo penye ugonjwa. Kusawazisha upya kila kitu kabla ya hapo ni kama kuosha nguo yenye ushahidi: huenda tatizo likatoweka kwa leo, lakini hutajua lilikuwa nini, na mara nyingi utaachiwa nakala mbilimbili za kadi.

Mara nyingi alama hufika salama. Imefika, ila mfumo wa pili haukuweza kuipokea ilivyo. Hapa ndipo penye kiini cha uchambuzi huu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua hali ya kazi. Kwenye Trello, mteja anaburuta kadi kutoka "Mpya" hadi "Imekamilika" kwa kidole kimoja. Kiunganishi kinapokwenda kuiambia Jira hivyo, kinakuta kwamba Jira haikubali kuambiwa hali mpya moja kwa moja. Inataka kuambiwa hatua: kutoka hapa kwenda pale, kwa njia iliyopo kwenye mtiririko wa kazi wa mradi huo. Kama msimamizi aliamua kwamba kazi lazima ipite kwenye "Inakaguliwa" kabla ya kukamilika, hakuna njia ya kuruka kutoka "Mpya" hadi mwisho, na ombi linakataliwa. Na hata njia ikiwapo, huenda inadai kipengele kijazwe, kwa mfano namna kazi ilivyomalizwa, kipengele ambacho Trello hakina. Kiunganishi kinaandika kosa kwenye kumbukumbu zake na kuendelea na mengine. Fundi anayelitazama kosa hilo kama kasoro ya programu atahangaika bure. Jira imefanya kazi iliyopewa: kumzuia mtu asiyehusika kuifunga tiketi bila ukaguzi. Walioweka kanuni ya ukaguzi na waliompa mteja kidole cha kuburuta ni ofisi moja, na hawakuongea.

Tazama sasa mhusika wa kazi. Kadi ya Trello inaweza kuwa na wanachama watatu. Jira ina mhusika mmoja kwa tiketi, na Asana vivyo hivyo. Tuseme kadi ina Asha, Juma na Wanjiru. Kiunganishi kinampeleka Asha kwenye Jira, kwa kuwa ndiye wa kwanza kwenye orodha. Hadi hapo hakuna aliyeumia. Kesho yake mtu anarekebisha herufi moja kwenye maelezo ya tiketi ndani ya Jira. Kiunganishi kinaona tiketi imebadilika, kinaichukua yote, mhusika akiwa Asha peke yake, na kuirudisha Trello. Juma na Wanjiru wanaondolewa kwenye kadi, na historia ya Trello inaonyesha kwamba aliyewaondoa ni akaunti ya kiunganishi, saa nne asubuhi, wakati hakuna binadamu aliyewagusa. Nimewahi kuona ugomvi wa kweli kati ya wafanyakazi kwa sababu ya jambo dogo namna hiyo. Dawa yake si kiunganishi bora zaidi. Ni kuamua kwamba wahusika wanaamuliwa upande mmoja tu, na kiunganishi kikatazwe kukigusa kipengele hicho kikirudi.

Maelezo ya kazi nayo huzaa ugonjwa wake. Trello hutunza maandishi kwa alama za Markdown, Asana kwa aina fulani ya HTML, na Jira ya wingu kwa muundo wake yenyewe. Orodha yenye nukta ikivuka kutoka mmoja kwenda mwingine huongezewa nafasi hapa, hupoteza mstari pale. Mfumo wa pili unaona maandishi si yaleyale, unatangaza mabadiliko, kiunganishi kinayarudisha, na mfumo wa kwanza nao unaona tofauti. Mzunguko umeanza. Utautambua kwa historia ya kadi: akaunti ileile ya kiunganishi imebadilisha maelezo kila dakika chache usiku kucha, na foleni imejaa mpaka maombi ya watu yanagonga 429. Viunganishi vizuri huikata hali hiyo kwa kupuuza mabadiliko yaliyofanywa na akaunti yao wenyewe, na kwa kulinganisha maana ya maandishi badala ya herufi. Anayeandika cha kwake asahau mengine yote lakini asisahau hilo.

Kisha kuna mgongano halisi: watu wawili, mifumo miwili, kipengele kimoja, ndani ya dakika moja. Kanuni inayotumika sana ni kwamba aliyeandika mwisho ndiye mshindi. Inasikika ya haki, mpaka uulize "mwisho" kwa saa ya nani. Leslie Lamport alionyesha mwaka 1978, katika makala yake kuhusu muda na mpangilio wa matukio, kwamba kompyuta zinazowasiliana kwa ujumbe haziwezi kila mara kujua tukio lipi lilitangulia kwa kutazama saa tu. Mabadiliko ya Juma yalifanywa kwanza lakini yalikwama kwenye foleni; ya Wanjiru yalifanywa baadaye na kufika mapema; kiunganishi kinachotazama muda wa kufika kitampa Juma ushindi.

Usidhani ni kosa la ofisi ndogo. Tarehe 20 Oktoba 2025, kuanzia karibu saa nne asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, huduma za Amazon katika eneo la kaskazini mwa Virginia ziliyumba na kuangusha programu nyingi duniani. Maelezo ya Amazon wenyewe yalionyesha kwamba michakato miwili ya kiotomatiki ilikuwa ikiandika rekodi zilezile za DNS, yaani za anwani, za huduma ya hifadhidata ya DynamoDB. Mmoja ulichelewa, kisha ukaja kuuandika mpango wa zamani juu ya mpya, kwa kuwa ukaguzi wake wa kuona kama mpango ni mpya ulikuwa umepitwa na wakati. Mwingine, katika kusafisha mipango mizee, ukaufuta mpango huo uliokuwa ukitumika. Ni hitilafu ya usawazishaji ileile ya Juma na Wanjiru, isipokuwa ukubwa.

Tarehe zinastahili aya zake, hasa kwetu. Tarehe ya mwisho kwenye Jira ni siku tupu, haina saa: 2025-06-15. Kwenye Trello, tarehe ya mwisho lazima iwe na saa, na hutunzwa kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Asana ina vyote viwili, siku tupu au siku na saa, ila si kwa pamoja. Siku tupu ikitoka Jira kwenda Trello, kiunganishi lazima kibuni saa, na wengi hubuni saa sita usiku ya UTC. Nairobi kadi itasomeka 15 Juni, saa tisa usiku: ajabu kidogo, lakini siku ni sahihi. Kwa mwenzao aliye New York kadi ileile inasomeka 14 Juni, saa mbili usiku.

Upande wa kurudi ni mbaya zaidi. Mtu wa Dar es Salaam akiweka tarehe ya mwisho kuwa 15 Juni, saa sita usiku siku inapoanza, Trello inaitunza kama 14 Juni, saa 21:00 UTC. Kiunganishi kikikata saa na kubakiza siku, Jira inapokea 14. Jira inairudisha Trello kama 14 Juni, saa sita usiku UTC. Hapo inatulia, siku moja imeliwa. Lakini kama kiunganishi kinasoma siku kwa saa za New York, kitaisoma hiyo kama 13, na kila mzunguko utakula siku nyingine. Dalili yake haifanani na kitu kingine chochote: tarehe inarudi nyuma siku mojamoja bila mtu kuigusa. Afrika Mashariki hatubadilishi saa, jambo la heri, ila wenzetu hubadilisha. Marekani husogeza saa zao Machi na Novemba, Ulaya mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, na kwa wiki kadhaa kati ya hapo tofauti za saa huwa si zile zilizozoeleka. Hitilafu inayotokea Machi na kupotea Aprili isitafutwe kwenye kiunganishi kabla ya kutazama kalenda. Na kwenye faili za CSV kuna ile ya zamani: 04/07 ni tarehe 4 Julai kwetu na 7 Aprili kwa Mmarekani, na hakuna mfumo utakaolalamika, kwa sababu zote ni tarehe halali. Zinazolalamikiwa ni za baada ya tarehe 12 tu. Jedwali ambalo nusu ya tarehe zake zimekataliwa na nusu zimekubaliwa limeharibika lote, na iliyokubaliwa ndiyo nusu ya hatari.

Nakala mbilimbili za kazi huashiria kitu kingine: kiunganishi hakijui kwamba kazi hii ndiyo ile. Wapo wanaooanisha kwa kichwa cha kazi. Mtu akisahihisha kichwa, mfumo unaona kazi mpya. Wapo wanaooanisha watu kwa jina la mtumiaji au barua pepe, na hao walipata somo mwaka 2019, pale Atlassian ilipoondoa majina ya watumiaji kwenye API yake ya wingu, yaani mlango ambao programu nyingine huupitia, kwa sababu ya sheria ya Ulaya ya faragha, na kuacha namba ya akaunti kuwa utambulisho pekee. Barua pepe zikaweza kufichwa na mwenye akaunti. Viunganishi vilivyotegemea majina vilianza kuacha tiketi bila mhusika. Kinachodumu ni namba ambayo mfumo wenyewe umeipa rekodi, itunzwe pande zote mbili, kwenye jedwali la jozi ambalo mtu anaweza kulifungua na kulisoma.

Hata namba inaweza kuwa ya kitu kingine. Aprili 2022 Atlassian walitaka kuondoa programu moja ya zamani kwa wateja wao. Timu iliyoomba kazi hiyo ilitoa orodha ya namba za tovuti nzima za wateja mahali pa namba za programu, na mfumo wa kufuta ulipokea aina zote mbili bila kuuliza. Hati ya amri iliendeshwa kwa hali ya kufuta moja kwa moja. Tarehe 5 Aprili, ndani ya dakika zisizofika 30, tovuti 883 za wateja 775 zilifutika, na baadhi yao walikaa hadi siku 14 bila kupata kazi zao. Kwa anayesimamia usawazishaji wa ofisi ndogo, kuna uamuzi mmoja wa kuchukua hapa: kufuta kusivuke kiotomatiki. Kazi ikipotea upande mmoja, upande wa pili iwekewe alama au ihamishiwe kwenye hifadhi, na mtu aiangalie. Gharama yake ni kadi chache za ziada kila wiki.

Turudi kwa swali la neno la mwisho. Wauzaji wa viunganishi husifia sana usawazishaji wa pande mbili, na kwenye maonyesho unapendeza. Kwa maoni yangu ofisi nyingi hazihitaji zaidi ya vipengele viwili vitatu vinavyokwenda pande zote, kwa kawaida maoni na viambatisho, vitu vinavyoongezwa tu wala havibadilishwi. Vilivyobaki vipewe mwenyewe. Hali ya kazi ni ya Jira, kwa kuwa watengenezaji ndio wanaojua imefika wapi. Kipaumbele ni cha Trello, kwa kuwa mteja ndiye anayelipa. Tarehe ya mwisho ni ya meneja wa mradi, popote anapoandikia. Upande usio na mamlaka uonyeshe tu, na ikiwezekana ufungwe usibadilishwe. Karatasi moja yenye safu mbili, kipengele na mwenye nacho, huondoa sehemu kubwa ya ubishi wa Jumatatu, na huwa ni karatasi ngumu kuiandika, kwa sababu inabidi watu wa idara mbili wakae meza moja na mmoja akubali kunyang'anywa kitu.

Mamlaka yakishagawanywa, kinachobaki ni ukaguzi wa usiku: programu ndogo inayosoma pande zote mbili, inahesabu kazi zilizopo, inalinganisha vile vipengele vyenye uzito, na asubuhi inatuma orodha ya zisizolingana. Isirekebishe chochote. Webhuku iliyozimika kimyakimya itaonekana kesho yake kwa orodha kuwa ndefu ghafla, na orodha hiyo iende kwenye anwani ya idara, isiende kwa mtu mmoja. Timu ya watu watano inayofanya kazi na mteja mmoja huenda isihitaji hata hilo. Kiungo cha tiketi ya Jira kilichobandikwa ndani ya kadi ya Trello hakina tokeni ya kuisha muda wala saa za UTC, na anayetaka kujua kazi imefika wapi anakibonyeza.